Mwanzi Kwenye Nyumba ya Zamani: Mafundi Wanajibu

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu kukarabati nyumba za zamani kwa mianzi. Barua zimemiminika kutoka Dodoma na Singida, na karibu zote zinazunguka mambo matatu: unga unaodondoka, mchwa, na mzigo. Tumechukua sita. Vipimo tunavyotoa ni vya nyumba ya chini. Kama nyumba yako ni ya ghorofa, au ukuta umeinama, mwite mhandisi kabla hujagusa chochote.

UNGA UNADONDOKA KUTOKA DARINI

Mbukwenyi wahariri. Marehemu baba alituachia nyumba ya duka hapa Mpwapwa, kuta za mawe yaliyojengewa udongo, juu bati. Dari ya mbao ililiwa, nikaweka mianzi mwaka juzi. Siku hizi kila asubuhi nakuta unga mezani kama wa muhogo, na mianzi ina vitundu vidogo vidogo. Fundi anasema nipake oili chafu. Chumba kina mita 4 kwa 3.5. Niipake, au nibomoe nianze upya?
Msomaji wa Mpwapwa

Mbukwenyi, ndugu yetu. Bomoa, na mianzi hiyo uichome siku hiyo hiyo. Usiirundike uani kusubiri iwe kuni za mwezi ujao. Unga huo unatolewa na mdudu wa kahawia asiyezidi milimita 4, wa ukoo mmoja na dumuzi anayemaliza mahindi ghalani. Anachokifuata ndani ya mwanzi ni wanga, kama vile mwenzake anavyoufuata kwenye punje. Ganda la nje la mwanzi ni gumu na lina nta, kwa hiyo oili chafu inateleza juu tu. Mdudu hapiti hapo. Anaingia kwa ncha zilizokatwa na kwa upande wa ndani ulio laini, mahali ambapo brashi haifiki tena dari ikishapigiliwa. Ukipaka utabaki na wadudu wale wale, na dari inayonuka gereji na kushika moto upesi.

Dari mpya inaanzia kwenye kuchagua. Tafuta mwanzi wa miaka 3 hadi 5, uliokatwa baada ya mvua, kati ya Mei na Agosti. Mwanzi mchanga bado una magamba kwenye mafundo, na ukiupitishia kidole unaondoka na vumbi jeupe. Uliokomaa rangi imefifia, ganda lina mabaka ya kijivu, na ukiugonga kwa mgongo wa kisu mlio wake ni mkavu na mkali, wakati mchanga hutoa mlio mzito uliofifia. Muuzaji akikuhimiza uchukue ile ya kijani inayong'aa kwa kuwa "ni mibichi na mizuri", iache.

Kwa chumba chako chenye mita za mraba 14 utahitaji mianzi 22 yenye unene wa sentimita 6 na urefu unaofaa wa mita 5. Kila mmoja ukiukata vipande viwili vya mita 2.5 na kila kipande ukikipasua mara 6, unapata fito bapa za upana wa sentimita 3 hivi, jumla 264. Hesabu hiyo imeshaingiza zile zitakazopasuka vibaya. Pasua ungali mbichi. Mwanzi ukikauka unapasuka unakotaka wenyewe, si unakotaka wewe.

Dawa ni boraksi na asidi ya boriki, chumvi mbili nyeupe zinazopatikana kwenye maduka ya kemikali na kwa baadhi ya wauza pembejeo. Kipimo ni sehemu 3 za boraksi kwa sehemu 2 za asidi ya boriki, na zote kwa pamoja ziwe kilo 5 kwa kila lita 100 za maji. Chimba shimo la mita 2.7 kwa upana wa nusu mita na kina cha sentimita 40, litandikie nailoni nzito mbili, moja juu ya nyingine, na ukague usiache jiwe lenye ncha chini yake. Fito zako zote zikiingia humo, maji yanayobaki kujaza ni lita 300 hivi. Kwa hiyo unahitaji kilo 9 za boraksi na kilo 6 za asidi ya boriki. Usizimwage kwenye maji baridi. Zitakaa chini kama mchanga na utafikiri zimeyeyuka. Yeyusha kwanza kidogo kidogo kwenye ndoo za maji ya moto, ndipo umimine shimoni. Vaa glavu, na watoto wasisogee, maana maji hayo hayana rangi wala harufu ya kuwatisha.

Funga fito katika matita yaliyolegea, zamisha, weka mawe juu kwa sababu mwanzi utaelea, kisha acha siku 5. Ukizitoa usizianike papo hapo. Zifunike kwa nailoni kivulini kwa wiki moja, dawa iendelee kupenya zikiwa bado mbichi, halafu zisimamishe kivulini penye upepo kwa wiki 2 hadi 3. Jua la Dodoma la Agosti ni adui hapa: upande mmoja unakauka mbele ya mwingine, na fito inajipinda kama upinde. Ukitaka kujua kama dawa imeingia, kata fito moja katikati na upake kwenye mkato manjano ya jikoni yaliyolowekwa kwenye spiriti. Penye dawa ya kutosha rangi hubadilika kuwa nyekundu ya matofali. Pakibaki njano, rudisha shimoni. Ni jaribio la kienyeji tu, ila linaokoa kazi nzima.

Maji yanayobaki yatumie tena kwa mzigo unaofuata, ukiongeza yaliyopungua kwa mchanganyiko wenye kipimo kile kile. Tafadhali usiyamwage shambani. Boroni, madini yaliyomo kwenye chumvi hizo mbili, ni mbolea ikiwa kidogo sana, na wakulima wa alizeti wanalijua hilo, lakini ikizidi inaunguza majani, na mzabibu ni miongoni mwa mimea inayoumia mapema.

Kabla ya kupigilia, ondoa kinyesi cha popo na vumbi lote lililo juu ya kuta, na kagua kenchi. Fremu ya dari iwe ya mbao za inchi 2 kwa 2, umbali wa sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine. Ukiweka 60, fito zitalegea katikati ndani ya mwaka. Ganda litazame chini, ndilo linalopendeza na kufutika. Mwanzi una shina nene na ncha nyembamba, kwa hiyo fito moja ianze kwa shina na inayofuata ianze kwa ncha, la sivyo ukifika katikati ya chumba mistari yote itakuwa imepinda. Toboa kwanza kwa drili kila mahali pa skrubu. Msumari uliopigwa moja kwa moja unapasua mwanzi hadi fundo linalofuata. Kuta za zamani hazijanyooka, basi pima kila fito peke yake, na acha sentimita 2 ukutani hewa ipite. Nyaya za umeme zilizo juu ya dari zipite ndani ya mabomba yake, na taa zinazopata moto zining'inie chini ya dari, zisizamishwe ndani yake. Juu ya fito unaweza kutandaza kitambaa cha pamba kuzuia vumbi, lakini nailoni hapana, kwa kuwa jasho la bati litalala juu yake, na dawa hii huondoka na maji.

BORITI ZA TEMBE ZIMELEGEA

Wanangu, ninakaa Chamwino kwenye tembe ya wazee wangu. Chumba kikubwa ni hatua nne kwa tatu. Boriti zimelegea na udongo unapukutika. Miti migumu sasa inafuatwa mbali, na mjukuu wangu anasema mianzi ina nguvu kuliko chuma. Je, naweza kubadilisha boriti zote ziwe mianzi?
Mzee wa Chamwino

Shikamoo mzee wetu. Mjukuu hajakosea kabisa. Ukiuvuta mwanzi kwa urefu wake, una nguvu ya kushangaza. Lakini boriti haivutwi kwa urefu. Inakandamizwa kutoka juu na kupinda, na hapo mwanzi hunesa, hubonyea kwenye egemeo, kisha hupasuka kwa urefu. Tazama mzigo ulio juu yako. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mita za mraba 12. Udongo wa paa wa unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 1.8, na mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ulioshindiliwa ina kilo 1,600 hivi. Hiyo ni karibu tani 3, kabla mvua ya Januari haijaulowesha. Kwa kulinganisha, bati la kawaida halifikii kilo 6 kwa mita ya mraba. Boriti za tembe zibaki mti mgumu, mzee. Hatutaki watu walale chini ya mianzi yenye tani tatu mgongoni.

Hata hivyo, kabla ya kutafuta boriti mpya, panda juu na jembe dogo upime unene wa udongo. Kila mwaka panapovuja watu huongeza karai mbili tatu, na baada ya miaka 20 paa lililoanza na sentimita 12 limefika 25. Mara nyingi boriti hazijachoka, zimezidiwa. Egemeza kwanza: simamisha nguzo za muda zenye panda chini ya mhimili, kila mita 1.5, juu ya kipande cha ubao mnene ili zisizame. Ndipo upunguze udongo, ukitoa kidogo kila upande kwa zamu. Ukitoa upande mmoja wote kwa mara moja, mhimili unageuka.

Paa likishakuwa jepesi, mchunguze kila mti kwa bisibisi. Choma mahali pawili: ncha ya boriti iliyozama ukutani, na mguu wa nguzo ulioingia ardhini. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, huo umekufa. Katikati ya boriti ni nadra kuoza. Nguzo iliyooza mguu tu haihitaji kutupwa; ikate mpaka kwenye uzima, kisha chini yake weka jiwe bapa au msingi mdogo wa zege unaonyanyuka sentimita 20 juu ya sakafu. Njia za udongo za mchwa zikipanda tena, utaziona juu ya jiwe hilo na utazivunja kabla hazijafika kwenye mti.

Mwanzi tunaupa kazi ya fito, ile safu inayolala juu ya boriti kubeba majani na udongo. Hapo umbali wa kuvuka ni mfupi, na mwanzi wa unene wa sentimita 4 uliotibiwa kama tulivyoeleza kwenye barua ya Mpwapwa unatosha, mradi boriti zisipishane zaidi ya sentimita 45 na mianzi igusane. Kwa mianzi mizima toboa kila pingili tundu la milimita 8, ili maji ya dawa yaingie ndani, na muda wa kuloweka uwe siku 10. Juu yake tandika matete au majani, udongo wa sentimita 4, nailoni nzito ya kutandika chini ya sakafu za zege, halafu udongo wa juu wa sentimita 8 uliochanganywa na samadi. Bila nailoni hiyo dawa ya boraksi itashushwa na maji msimu wa kwanza, na mchwa watakuwa wageni wa msimu wa pili. Paa liinamie upande mmoja, sentimita 3 kwa kila mita, na milizamu itokeze nusu mita nje ya ukuta.

NONDO NA MWANZI

Fundi wangu mjini Dodoma anataka kuweka mianzi badala ya nondo kwenye linta tunayobadilisha juu ya dirisha la mita 1.2. Anasema ni teknolojia ya kijani. Kuna ubaya?
Msomaji wa Dodoma Mjini

Kuna ubaya, na mkubwa. Mwanzi ukiwa ndani ya zege mbichi hunywa maji ukavimba. Zege likikauka nao husinyaa, ukaacha nafasi kuzunguka. Tangu hapo haushikani na zege, na nyufa zinaanza. Pia nondo ni ngumu kunyumbuka kuliko mwanzi kwa zaidi ya mara 10, kwa hiyo zege litakuwa limeshapasuka kabla mwanzi haujaanza kuvuta kazi yake. Na ukioza ndani, huwezi kuuona. Weka nondo 2 za milimita 12 chini na 2 za milimita 10 juu, na ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Kama ukuta ni wa udongo au mawe ya udongo, linta ya mbao ngumu iliyotibiwa inapatana nao zaidi kuliko zege. Yoyote kati ya hizo iingie ukutani sentimita 25 kila upande.

PLASTA YA SARUJI INABANDUKA

Habari za kazi. Nyumba yetu ya Kongwa ni ya fito na udongo, ya miaka ya 1960. Miaka minne iliyopita tulipiga plasta ya saruji nje ili ipendeze. Sasa inabanduka mapande makubwa, na chini fito zimeoza. Naomba kujua kama naweza kutengeneza kwa mianzi, na nipake nini juu.
Mama wa Kongwa

Mama, pole. Plasta hiyo ndiyo iliyoozesha fito zako. Ukuta wa udongo unavimba kidogo wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, saruji haifuati. Inapasuka nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia humo kwa urahisi, lakini kutoka hayawezi kwa sababu saruji imeziba njia ya kupumulia. Yanashuka ndani ya ukuta hadi chini na kukaa pale penye fito. Ukibandua pande moja ukanusa nyuma yake, utasikia harufu ya unyevu hata mwezi wa Septemba.

Gonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo. Panapolia tupu, saruji imeshaachia. Itoe kwa patasi bila kuchimba udongo mzima. Panapolia pamejaa unaweza kupaacha hadi awamu ya pili, ila mwishowe iondoke yote.

Chini, kata fito zilizooza sentimita 45 kutoka ardhini, kipande cha mita moja moja, ukiwa umeegemeza paa. Usifungue ukuta mzima. Jenga hapo msingi wa mawe au matofali ya kuchoma hadi kimo hicho, na juu yake laza nailoni nzito ikatokeze kidogo pande zote mbili. Fito za kusimama zikanyage juu ya msingi, si ardhini. Kisha zungusha fito bapa za mwanzi kwa mlalo, ndani na nje, upana wa sentimita 3 na nafasi ya sentimita 10 kati yake. Hapa tofauti na dari: ganda ligeukie ndani ya ukuta, na upande laini ndio utazame plasta. Udongo haushiki kwenye ganda. Utaona umekaa vizuri siku ya kwanza, na wiki ya tatu unadondoka kama sahani. Funga kwa kamba ya katani iliyoloweshwa au waya laini wa kufungia nondo. Mianzi iwe imetibiwa na imekauka.

Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa kuwa unanata, lakini ukitumika peke yake utapasuka. Anza na sehemu 1 ya kichuguu kwa 2 za mchanga wa mtoni uliochekechwa, na nusu sehemu ya majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole. Loweka, kanyaga, funika, acha siku 5, kanyaga tena. Kwa kuwa vichuguu havifanani, paka kwanza viraka vitatu ukutani vya sentimita 30 kwa 30: kimoja cha mchanga sehemu 1, kingine 2, kingine 3. Baada ya siku 3 sugua kwa kiganja. Chenye nyufa kimezidi kichuguu, kinachoacha vumbi mkononi kimezidi mchanga. Fuata kilichotulia.

Kandika tabaka la kwanza kujaza kati ya fito, ulisukume kwa nguvu hadi litokeze nyuma na kujishika. Halafu subiri wiki 2 kamili. Mwanzi ulio ndani umenyonya maji na kuvimba; uache usinyae na nyufa zijitokeze sasa, kwa sababu ukiwahi kupaka juu zitatokea kwenye plasta ya mwisho. Tabaka la pili liwe sentimita 1.5, lichoree mistari kwa uma au kipande cha bati ili la tatu lishike.

La tatu ni chokaa: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga safi, unene wa milimita 8. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, kwa wiki 2 au zaidi. Inakuwa laini kama siagi na haivunjikivunjiki. Funika macho na vaa glavu, maana inaunguza. Lowesha ukuta kwanza, paka asubuhi au jioni, na hapo hapo ning'iniza magunia yenye unyevu mbele yake kwa siku 7. Wengi hukosea hapa. Upepo wa Kongwa unakausha chokaa kwa saa chache, na chokaa iliyokauka kabla ya kushika hubaki unga, haiwi ngumu tena hata ukiimwagia maji. Malizia kwa kupaka maji ya chokaa mara tatu, nyembamba nyembamba. Na kama paa linatokeza chini ya sentimita 60 nje ya ukuta, liongeze sasa kabla ya yote haya, la sivyo mvua itaendelea kupiga pale pale.

MIANZI TUIPATE WAPI?

Tunakarabati darasa la zamani Manyoni. Huku mianzi hatuna. Tuagize kutoka wapi na tuangalie nini?
Kamati ya ujenzi, Manyoni

Mizigo mingi ya kanda yetu hutoka Iringa na Njombe, ikapitia Mtera, au Morogoro. Iringa mkiletewa ile ya ulanzi, yaani pombe ya mwanzi, ulizeni kama imegemwa. Mwanzi uliokatwa ncha ukiwa chipukizi ili utoe ulanzi hubaki mfupi na hauna urefu wa kazi. Mwanzi wa njano unaopandwa kando ya mito na majumbani una wanga mwingi kuliko jamii nyingine nyingi, hivyo bila dawa unaliwa haraka sana. Wenye dawa unafaa kwa dari. Kwa mihimili midogo chagueni wenye ukuta mnene, ule ambao tundu lake katikati ni dogo kama kidole. Msipakie kabla muuzaji hajawaonyesha hati ya kusafirishia mazao ya misitu ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Na mianzi ikifika isilazwe chini hata usiku mmoja. Tangulizeni matofali, juu yake mbao, mchwa wa Manyoni hawasubiri asubuhi. Kwa kuwa ni darasa, kibali cha halmashauri na mchoro wa mhandisi wa wilaya vitangulie.

TUNATAKA KUPANDA

Sisi ni kikundi cha vijana Kondoa. Wazee wanasema enzi za HADO makorongo yetu yalipandwa miti. Je, mianzi itakubali huku, na itachukua muda gani hadi tuiuze kwa wajenzi?
Kikundi cha vijana, Kondoa

Vijana wetu, wazo lenu ni zuri na ardhi yenu inalihitaji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973, na 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka ili ardhi ipone. Kwa hiyo somo la kwanza kwenu mnalijua tayari: ng'ombe na mbuzi wasifike. Chipukizi la mwanzi ni tamu kwao, na likiliwa ncha halirefuki tena.

Aina ya kupanda ni mwanzi wa asili wa nyanda kavu, ambao wataalamu huuita Oxytenanthera abyssinica. Una unene wa sentimita 3 hadi 8, na sehemu ya chini karibu haina tundu. Unavumilia ukame, lakini Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kilimani hizo hazitoshi. Pandeni chini ya korongo na kwenye kingo zake, panapobaki unyevu, na mchimbe makingamaji ya nusu duara upande wa juu wa kila shimo. Msipande katikati ya njia ya maji. Mafuriko ya kwanza yatang'oa vyote.

Chimbeni kipande cha mzizi chenye shina la mwaka 1 au 2, likatwe libaki mita 1, na mzizi ufungwe kwa gunia lenye unyevu safari nzima. Shimo sentimita 60 kila upande, madebe 2 ya samadi iliyooza, nafasi mita 5 kwa 5. Hekta moja inachukua vichaka 400. Pandeni mvua ya kwanza ya Desemba ikishazamisha maji, msisubiri Februari. Miaka miwili ya mwanzo yatatoka mashina membamba kama kalamu. Msiyakate mkidhani yamedumaa. Ndiyo yanayolisha mzizi, na kila mwaka yanayofuata yatakuwa manene zaidi. Mavuno ya kwanza ya maana ni mwaka wa 5 hadi wa 7. Jueni pia kwamba aina hii ikichanua, huchanua vichaka vingi kwa pamoja kisha hufa, kwa hiyo chukueni mbegu na vipande kutoka maeneo zaidi ya moja.

Kuvuna sahihi kunategemea kujua umri, na mwanzi hauongezeki unene ukishatoka, hivyo macho yatawadanganya. Kila Juni, mashina yaliyotoka mwaka huo yapigeni alama ya rangi kwenye pingili ya tatu kutoka chini: mwaka huu nyekundu, mwakani nyeupe, mwaka unaofuata buluu, kisha njano, na kuendelea. Kateni yaliyotimiza miaka 3 tu, yasizidi theluthi moja ya kichaka, mkianzia katikati ambako ndiko yaliko makongwe. Msumeno upite juu kidogo tu ya fundo la kwanza au la pili kutoka ardhini, bila kuacha kikombe juu yake, kwa sababu kikombe hicho kitajaa maji ya mvua, kisiki kitaoza, na uozo utashuka hadi kwenye mzizi unaotarajiwa kuzaa mwakani.